Mvua imekatika: tusubiri muda gani kabla ya kupanda njia za mlimani?

Dada_Afya_Igogo

Habari zenu wana jukwaa. Naomba msaada kwa wanaoielewa milima yetu ya mawe hapa Mwanza.

Tuko sita, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na eneo letu ni makazi ya juu upande wa Igogo. Nyumba tunazotembelea zimejengwa katikati ya miamba. Bodaboda inaishia chini, kuanzia hapo ni kwa miguu. Kuna wagonjwa wa dawa za kila siku na kina mama waliojifungua juzijuzi ambao hawawezi kungoja wiki nzima, kwa hiyo jibu la "msiende kabisa" halitatusaidia.

Sehemu tatu za njia zinatutia wasiwasi. Kwanza, korongo la upana wa kama mita sita. Kiangazi ni kavu, mvua ikipiga linashusha maji mekundu na mawe ya ukubwa wa ndoo. Pili, njia inapita chini ya ukingo wa udongo uliokatwa wima na mtu aliyetaka kiwanja. Ukingo unazidi kimo cha mtu na juu yake kuna nyumba. Tatu, kuna jiwe la ukubwa wa chumba lililokaa juu ya mawe mawili madogo, na chini yake watu wamekuwa wakigonga kokoto.

Mvua siku hizi inaanza usiku, inapiga hadi alfajiri, na kufika saa tatu asubuhi jua linawaka. Hapo ndipo watu hutuambia, "Pandeni tu, mvua imekatika." Je, ni kweli hatari imeisha? Tusubiri saa ngapi? Na tukishaamua kupita, tupite vipi?


Mjiolojia_Nyegezi

Dada, poleni na kazi. Hakuna idadi moja ya saa itakayofaa sehemu zote tatu, kwa sababu kila moja huanguka kwa sababu yake na kwa wakati wake. Nianze na jiwe kwa kuwa ndilo watu wengi huliogopa, ingawa kwa maelezo yako mimi ningeuogopa zaidi ule ukingo.

Milima ya Mwanza ni graniti ya kale, ya miaka zaidi ya bilioni mbili. Ina mipasuko inayokatana kama matofali ukutani. Maji hupenya humo na kuila miamba kwenye pembe, mpaka kila "tofali" linabaki na kiini kigumu cha mviringo kilichozungukwa na changarawe laini ya mwamba uliooza. Mvua za maelfu ya miaka zikaisomba changarawe, mawe yakabaki yamekaliana. Jiwe la Bismarck pale karibu na kivuko cha Kamanga limepatikana hivyohivyo. Kwa hiyo jiwe kukaa juu ya jingine si dalili ya hatari peke yake. Mengi yamekaa hivyo tangu kabla ya mji kuwepo.

Kinacholigeuza jiwe kuwa hatari ni mabadiliko chini yake, na hapo umetaja jambo zito: kokoto. Anayegonga kokoto huanza na mawe madogo kwa kuwa ndiyo rahisi, nayo ndiyo kabari zinazolizuia kubwa lisigeuke. Wengine huwasha moto juu ya mwamba ili upasuke, na ule ufa haukomi pale walipokusudia. Kisha mvua inaingia kwenye nafasi mpya na kuondoa changarawe iliyobaki. Jiwe la mviringo lenye kipenyo cha mita 3 lina uzito wa karibu tani 37. Hakuna ukuta wa nyumba za pale utakaolisimamisha.

Likague ukiwa pembeni, kamwe usisimame upande wa bonde. Tazama linapogusana na yale mawili. Mwamba uliokaa juani miaka mingi ni mweusi au wa kijivu chenye ukoga. Ukiona doa jipya, jeupe au la rangi ya waridi, lenye vumbi la kusagika, jiwe limecheza. Tazama pia kama kuna changarawe mbichi iliyomwagika chini ya mgusano. Chora mstari wa rangi ya mafuta unaovuka kutoka jiwe la juu hadi la chini, kisha kila mnapopita mwangalie kama bado umenyooka. Njia nyingine ni kupaka jasi nyembamba juu ya mgusano. Jasi haivutiki, ikipasuka ujue pana mwendo. Na mkiona dalili yoyote kati ya hizi, msipite chini yake, iwe masika au kiangazi. Jiwe haliangalii mvua kama udongo unavyofanya. Linaweza kuondoka siku ya tatu jua likiwaka, maji yaliyokuwa ndani ya mipasuko yakiwa bado yanachuruzika.

Sasa ukingo. Udongo wa milimani kwetu ni changarawe ya mwamba uliooza iliyochanganyika na mfinyanzi, na chini yake, pengine mita moja au mbili tu, pana mwamba mtupu. Maji yakizama yakafika kwenye mwamba hukosa pa kwenda. Hujikusanya hapo, husukuma udongo kutoka chini, chembe zilizobanana zinapoteza mshiko na tabaka zima linateleza. Hilo huchukua muda: mvua inakatika alfajiri, maji yanaendelea kushuka ndani ya udongo mchana kutwa, na ukingo unadondoka saa tisa alasiri watu wakiwa wameanika nguo. Mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa ina karibu tani mbili.

Nyumba iliyo juu inazidisha tatizo. Milimita 1 ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita 1 ya maji. Bati la mita za mraba 60 likinyeshewa milimita 40 kwa usiku mmoja linamwaga lita 2,400, na kama halina gata, zote zinaangukia pale pale ukingoni. Bado hujahesabu choo cha shimo na maji ya kufulia.

Kwa ukingo, msipite chini yake mvua inaponyesha, wala kwa saa 24 baada ya kukatika, wala wakati wowote ambapo sehemu ya chini bado inatoa jasho la maji. Na mkipita, muwe mbali nao angalau kwa umbali unaolingana na kimo chake.

Korongo ni kinyume. Hatari yake huja haraka na kuondoka haraka, kwa sababu mwamba mtupu haunywi maji. Mvua ikipiga juu, korongo linajaa kwa dakika chache. Mkilikuta limeshuka hadi chini ya kifundo cha mguu, maji yanazidi kutakata, na juu hakuna wingu wala ngurumo, vukeni. Maji ya kufika katikati ya muundi yakienda kasi yanatosha kumwangusha mtu mzima, tena hapo hujaona mawe yanayobingirika chini ya yale mekundu. Na kuna dalili moja ambayo watu huifurahia badala ya kuikimbia: maji kupungua ghafla ilhali mvua bado inanyesha juu. Maana yake huenda takataka na mawe vimeziba korongo huko juu, na kizuizi kikiachia kitashuka chote kwa pamoja.


Kiongozi_Mlima

Mkuu hapo juu ameeleza vizuri, ila saa 24 sikubaliani nazo. Kwa manyunyu ya milimita 10 ni nyingi mno, mtawanyima wagonjwa huduma bure. Kwa mvua iliyopiga usiku tatu mfululizo hazitoshi, kwa kuwa udongo ulikuwa umeshashiba kabla ya usiku wa mwisho. Pimeni mvua, msipime saa peke yake.

Nadhani kanuni hiyo ya siku moja imetoka kwenye milima ya theluji. Huko Ulaya na Marekani, siku ya kwanza na ya pili baada ya dhoruba ndizo huhesabiwa kuwa mbaya zaidi kwa maporomoko ya theluji, hasa kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Kungoja kunasaidia kwa sababu theluji mpya ikikaa, mara nyingi hujishikiza yenyewe. Changarawe haijishikizi. Iliyosombwa chini ya jiwe hairudi, kwa hiyo jiwe lililolegezwa na mvua ya Machi linaingia Novemba likiwa limelegea vilevile, pengine zaidi. Kungoja kunapunguza maji tu, ule udhaifu unabaki.

Kilimanjaro nako kuna kanuni ya saa, kwa sababu tofauti. Juu kule barafu ndiyo inayoshika mawe, jua likipanda inayeyuka na kuyaachia, ndiyo maana sehemu kama Western Breach huvukwa alfajiri kukiwa bado na baridi kali. Januari 2006 mawe yaliporomoka upande huo na kuua wapandaji watatu. Mwanza hakuna barafu. Kuondoka alfajiri kwa kuiga Kilimanjaro kungewapeleka ninyi chini ya ukingo wakati mbaya kuliko wote, mvua ikiwa imekatika sasa hivi.

Kinachofaa kuchukuliwa kutoka milima ya theluji ni namna ya kuvuka. Kuleni kiapo kwa hili: mahali pa hatari anapita mtu mmoja mmoja. Likishuka, limkute mmoja, na watano wabaki wazima wa kumtafuta. Kundi likipita limeshikana, hakuna anayebaki wa kuita msaada.

Kabla ya kila sehemu kati ya hizo tatu, chagueni mahali pa kusimama pasipo na kitu juu yake. Panafaa mgongo wa kilima au upande wa nje ya korongo. Panafaa pia nyuma ya mwamba uliozama ardhini, si uliokaa juu yake. Hapo wote msimame. Mmoja awe mwangalizi, kazi yake ni kutazama juu tu, asishike simu. Anayevuka anakwenda kwa mwendo wa kawaida wa haraka bila kukimbia, maana kukimbia juu ya graniti iliyolowa ni kuanguka. Hasimami katikati kusalimiana wala kufunga kamba ya kiatu. Akifika upande wa pili mahali salama anainua mkono, wa pili anaanza. Mwangalizi akiona kitu anapaza sauti neno moja tu, "Jiwe!", na aonyeshe upande kwa mkono.

Anayesikia "Jiwe!" atazame juu kwanza, halafu asogee pembeni. Kukimbia kushuka ni kushindana na kitu kinachokuzidi kasi. Mawe hudunda na kubadili njia, kwa hiyo usichague upande kabla hujaliona.

Mambo madogo yanayosahaulika: mzigo uwe mgongoni, maana aliyebeba kichwani hawezi kutazama juu wala kusogea ghafla. Vueni kofia ya koti la mvua na spika za masikioni, kwani mlima huwa unatoa sauti kabla, mlio wa kukatika au wa kusagika. Viatu viwe na soli yenye meno. Gambuti kuukuu na kandambili havifai. Na ile michirizi myeusi kwenye mwamba ndiyo njia ya maji, ina utelezi unaoteleza kama mlenda hata ikionekana imekauka. Kanyageni penye rangi ya kijivu na pakavu.

Msisahau radi. Ukanda wa ziwa ni kati ya maeneo yanayopigwa radi mara nyingi zaidi duniani, na ninyi mtakuwa juu ya mwamba mtupu. Mkiona mwanga, hesabuni sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ikiwa ni chini ya sekunde 30, shukeni au ingieni ndani ya nyumba iliyojengwa vizuri, msijibanze chini ya mti wala kwenye pango la mawe. Mtaanza tena dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.


Mjiolojia_Nyegezi

Kiongozi, nakubali, saa 24 bila kipimo cha mvua ni kubahatisha. Basi dada, tengenezeni kipimo. Chukueni kopo lenye kuta zilizonyooka, la maziwa ya unga linafaa, mdomo na kitako viwe na upana sawa. Liwekeni juu ya nguzo mahali pa wazi, mbali na mti na ukingo wa bati, mlikaze lisipeperushwe. Kila siku saa moja asubuhi tumbukizeni rula hadi chini, kina cha maji kwa milimita ndicho kiasi cha mvua. Andikeni kwenye daftari, mwageni, rudisheni. Chupa iliyobinuka kiunoni haifai, itawadanganya.

Ningeanza na viwango hivi, nikiwa na nia ya kuvirekebisha kadiri daftari linavyojaa:

Chini ya milimita 20 usiku mmoja na siku mbili kabla zilikuwa kavu: korongo likishashuka, piteni kwa utaratibu wa mtu mmoja mmoja.

Kati ya 20 na 50, au jumla ya siku tatu ikizidi 60: siku hiyo msipite chini ya ukingo, zungukeni.

Zaidi ya 50 usiku mmoja, au jumla ya siku tatu ikifika 100: msipande upande huo siku hiyo. Kesho yake apande mmoja na mwangalizi wake kwanza, wakague, ndipo wengine wafuate.

Viwango hivi si sheria ya mlima. Kila mlima una chake, na daftari lenu lenye safu ya "mvua" na safu ya "kilichoanguka" ndilo litakalosema ukweli baada ya misimu miwili mitatu. Fuatilieni pia utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa. Angalizo lina rangi ya njano, tahadhari ya chungwa, tahadhari kubwa nyekundu. Ukitangazwa wa chungwa kwa mikoa ya Kanda ya Ziwa, pelekeni dawa za siku kadhaa kabla mvua haijaanza. Hilo ni bora kuliko ujanja wote wa kuvuka.

Nyuzi za mteremko mnazipima hivi: shika fimbo ya mita moja, ncha moja iguse mteremko upande wa juu, fimbo ilale sawa (weka juu yake chupa ya maji iliyojazwa nusu, uso wa maji uwe sambamba na fimbo), kisha pima kutoka ncha ya pili kushuka hadi ardhini. Sentimita 27 ni nyuzi 15, sentimita 58 ni nyuzi 30, sentimita 100 ni nyuzi 45. Udongo ulio juu ya mwamba ukizidi 58 nautilia shaka kila mvua.


Dada_Afya_Igogo

Asanteni sana, kaka zangu. Kipimo cha kopo tunaanza leo. Nina maswali mawili. Kuna kinjia kingine kinachopita juu ya lile jiwe, kirefu zaidi kwa kama robo saa, je tukitumie? Na ikitokea mtu amefukiwa, tufanye nini kabla Zimamoto hawajafika, maana gari haliwezi kupanda?


Kiongozi_Mlima

Kitumieni. Robo saa si kitu. Kanuni ni kupita juu ya hatari, si chini yake, ila msipite ukingoni kabisa penye udongo ulionyauka au wenye ufa. Kama kinjia hicho nacho kinapita chini ya kitu kingine, mmebadilisha jiwe tu. Simama sehemu ya chini, nyoosha kidole kuelekea juu moja kwa moja kufuata mteremko, kila unachokiona kwenye mstari huo ndicho kitakachokushukia. Na msipumzike kwenye tambarare iliyo chini kabisa, wengi hudhani hapo ndipo salama. Kwa makadirio, ukiwa umbali wa mara mbili ya kimo cha mahali jiwe lilipo, mawe mengi hayakufikii. Tope la korongo hufika mbali zaidi. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na miti vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafariki, na wengi walikuwa chini, hawakuwa wakipanda mlima.


Nesi_wa_Zamu

Kuhusu kufukiwa, nijibu mimi.

Sekunde za kwanza msikimbilie. Mwangalizi aendelee kutazama juu, kwa sababu poromoko la pili mara nyingi hufuata la kwanza na huwakuta waokoaji wamekusanyika. Kariri mahali mtu alipoonekana mara ya mwisho, weka alama, fimbo au kitenge. Mmoja apige 114 kwa Zimamoto na Uokoaji au 112, aseme jina la mtaa, bodaboda inaishia wapi, na nani atakuwa pale kuwaelekeza. Huyo wa kuelekeza ashuke mara moja. Bila yeye waokoaji watapoteza muda kwenye vichochoro.

Mtafuteni kuanzia alama kushuka chini, kwani tope humsogeza. Iteni, nyamazeni, sikilizeni. Karibu na mtu chimbeni kwa mikono, sufuria au vibao. Jembe na sururu viishie mbali. Fikieni uso kwanza. Toeni udongo mdomoni na puani, halafu ondoeni uzito kifuani, kwa sababu mtu anaweza kuwa na uso wazi na bado akakosa pumzi kwa kuwa mbavu haziwezi kupanuka. Kwenye theluji waliofukiwa kabisa huwa na nafasi nzuri wakitolewa ndani ya kama dakika kumi za mwanzo. Udongo uliolowa ni mzito zaidi, kwa hiyo msitegemee hata hizo.

Mkifika kifuani hewa ikapita, punguzeni haraka. Msimvute kwa mikono akiwa miguu imebanwa, na shingo iwe imenyooka. Kama mguu au mkono umebanwa na jiwe kwa saa nzima au zaidi, na anapumua, na waokoaji wako njiani, msiliondoe jiwe kabla hawajafika. Misuli iliyopondwa hutoa sumu na potasiamu, jiwe likiondoka vyote huingia kwenye damu kwa pamoja na moyo unaweza kusimama. Andikeni saa aliyobanwa. Lakini jiwe likiwa kifuani, kichwani au shingoni, ondoeni sasa hivi. Damu ikichuruzika kwa nguvu, kandamizeni kwa kitambaa kisafi bila kuachia. Mfunikeni, aliyelowa hupata baridi hata hapa Mwanza.

Kwenye mkoba wa kila kundi wekeni filimbi, tochi, glavu ngumu, bendeji pana, turubai dogo na kamba ya mita 10. Filimbi ni kwa ajili ya aliyefukiwa pia, kila mmoja avae yake shingoni. Iliyo ndani ya mkoba haisaidii.


Fundi_Kuta

Wakuu mmeongea njia, mimi niongee ukingo, maana unaweza kupunguzwa makali kwa gharama ndogo na mwenye nyumba ya juu mnamfahamu.

La kwanza ni maji ya bati. Gata pande zote, yaelekezwe kwenye tangi, na tangi likijaa, bomba liyashushe hadi kwenye mtaro wa mawe, si kumwaga ukingoni. Juu ya ukingo, mita mbili nyuma, chimbeni mtaro wa kukinga maji yanayotoka mlimani, wenye mteremko wa kutosha yasituame, na ujengewe kwa saruji au mawe. Mtaro wa udongo mtupu ni mbaya kuliko kutokuwa na mtaro, unayapeleka maji ndani. Ufa ukishatokea, zibeni kwa mfinyanzi ulioshindiliwa na mfunike kwa turubai lililokandamizwa kwa viroba, ili mvua ijayo isiingie.

Wengi hujenga ukuta wa mawe mbele ya ukingo wakadhani wamemaliza. Ukuta mwembamba usio na matundu unageuka bwawa, maji yanajaa nyuma yake mpaka unasukumwa na kupinduka mzimamzima. Ukuta wa kuzuia udongo kwa uzito wake unahitaji unene chini usiopungua nusu ya kimo chake. Ukuta wa mita 2 uwe na mita 1 chini, na uegemee nyuma kidogo. Nyuma yake jazeni kokoto safi upana wa sentimita 30, si udongo uleule mliouchimba. Wekeni vipande vya bomba la inchi 2 vikipenya ukuta kila mita moja na nusu, vikiinamia nje. Baada ya mvua, matundu yakitoa maji ni jambo zuri. Yakiwa makavu wakati udongo juu umelowa, yameziba, na ukuta huo msiusogelee. Ukuta ukivimba katikati au mawe yakianza kutoka kwenye mstari, ni hivyohivyo. Ukingo ukizidi mita mbili, au nyumba ikiwa ukingoni kabisa, huyo anahitaji mhandisi, fundi wa mtaani aache.

Kwa wagonga kokoto, nendeni na mwenyekiti wa mtaa. Waonyesheni ni mawe yapi yanalishika lile kubwa, yapakwe rangi nyekundu, wasiyaguse. Kumwambia mtu aache kazi inayomlisha hakufui dafu. Kumwonyesha mawe manne ya kuacha anakuelewa.


Dada_Afya_Igogo

Mama mwenye nyumba ya juu ya ukingo ameniambia kuna ufa nyuma ya jiko, anaweza kuingiza kidole. Hajui ni wa zamani au mpya.


Mjiolojia_Nyegezi

Dada, hilo lishughulikie leo kabla ya giza. Ufa wa zamani una kingo za mviringo, vumbi, majani makavu au buibui ndani. Mpya una kingo kali na udongo wenye rangi mbichi. Tazama umbo lake: ukiwa umepinda kama mwezi mchanga na ncha zote mbili zinaelekea ukingoni, hicho ndicho kipande kinachojitayarisha kuondoka. Tazama pia kama upande wa bondeni umeshuka hata kidogo kuliko wa mlimani, na kama mlango wa jiko umeanza kukwama.

Pigilia vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, vizame nusu mita, na juu ya kila kimoja gongomelea msumari. Pima kutoka msumari hadi msumari kwa futi ya fundi, andika tarehe, saa na kipimo. Rudia jioni, asubuhi, na baada ya kila mvua, mtu yuleyule kwa futi ileile. Ukiongezeka milimita chache kwa wiki, fanyeni aliyosema Fundi na mwiteni mhandisi wa manispaa. Ukiongezeka sentimita moja kati ya asubuhi na jioni, au kama upande wa chini umeshashuka, mama na watoto wasilale humo usiku huu, wala nyumba iliyo chini ya ukingo isilaliwe. Kinjia cha chini kifungwe kwa kamba na matawi pande zote mbili, na mwenyekiti wa mtaa apewe taarifa kabla wingu la jioni halijajikusanya.